Bawaba Tulivu za Gari la Mabukwe

Jumanne, 9 Julai

Mabukwe amebamiza mlango wa gari tena. Safari hii kioo cha pembeni kimeanguka. Kuku wa jirani wameruka ukuta na mmoja hajarudi mpaka sasa.

Niandike wazi, maana hapa hakuna anayenisoma. Mabukwe ni mama mzazi wa Speciosa, mke wangu. Jina lake Kornelia, ila mimi silitamki, mkwe mwenye adabu halitamki. Anauza mawese. Hakuna mnunuzi wa mawese kutoka Rumonge mpaka Bujumbura asiyemjua. Hii Probox ninayoendesha ni yake, ingawa kwa abiria husema yangu. Asubuhi namshusha sokoni, kutwa nabeba watu. Hukaa nyuma peke yake, mkoba pembeni, na akishuka, buu! Anaamini mlango usipolia haujafungika.

Mtu asiyejua mambo atasema: mwambie afunge polepole. Amwambie nani? Mabukwe haambiwi hivyo na mkwe wake. Humgusi, humkatizi, humtazami usoni, sembuse kumfundisha mlango! Nimewahi kujaribu kukohoa kila alipobamiza. Akaniletea dawa ya kifua. Chungu sana, na alisimama mpaka nikaimaliza.

Leo kioo kilipoanguka alikitazama, akanitazama, kisha akatangaza mbele ya watu wote wa parkingi kwamba gari linazeeka kwa sababu ya dereva. Jumamosi ya wiki ijayo tunapanda Bugarama, kwenye posa ya Niyonkuru, mtoto wa marehemu kaka yake. Yeye ndiye shangazi mkuu, macho yote yatakuwa kwake. Gari likimwaibisha siku hiyo, amesema, ufunguo unakwenda kwa Venanti.

Venanti! Mume wa mdogo wake Speciosa, yaani mwanyumba wangu. Mtu anayepaka kiwi hata soli ya kiatu. Alikuwepo. Alijifanya anatazama ziwa.

Jioni Speciosa alizungumza nami. Alisema gari likiondoka, Septemba watoto hawaendi shule, na mimi nitakwenda kubeba bido za mawese, dumu kwa dumu, mgongoni. Aliyasema hayo akichambua maharage, bila hasira yoyote. Hapo ndipo nilipoogopa.


Jumatano, 10 Julai

Foleni ya esansi kwenye kituo cha petroli tangu alfajiri. Gari halijasogea. Akili yangu imesogea.

Nimewaza hivi: mkono wa Mabukwe siwezi kuubadilisha. Mlango naweza. Mlango mzima unaning'inia kwenye bawaba, na bawaba ni chuma kijinga, hakijui kupokea. Nitatengeneza bawaba inayolimeza pigo. Mabukwe abamize kwa nguvu zake zote, mlango ujifunge taratibu, bila sauti. Heshima yangu imebaki, kioo kimebaki, ufunguo umebaki.

Nashangaa watu wa Japani hawakuliona hili. Labda hawaishi na mama wakwe.

Nimeshapata jina: Bawaba Tulivu. Nimechora na nembo, mlango wenye njiwa juu yake. Nimechora pia jengo la kiwanda na mahali pa kuegesha magari ya wageni. Speciosa ameutazama mchoro, akauliza bawaba yenyewe iko wapi. Nimemweleza kwamba sisi mainjinia huanza na picha kubwa.

Esansi imeisha kabla ya kufika zamu yangu. Nimesukuma gari kurudi nyumbani. Venanti amepita kwa miguu, akanisalimia kwa furaha iliyozidi.


Ijumaa, 12 Julai

Mtindo wa kwanza umekamilika. Vipande vya ndala, vimekatwa vizuri, vikabanwa kati ya bawaba na mwili wa gari. Rahisi! Raba inapokea pigo. Ndala zilikuwa za Speciosa, lakini sayansi ina gharama zake.

Nilihitaji mtu wa kubamiza. Nikampata Zahor, mwenye kwinkayeri, duka la misumari na rangi, karibu na soko, mjukuu wa Waarabu waliofungua duka hilo zamani na wakasahau kuondoka. Alikuwa anatoka msikitini, kanzu nyeupe inang'aa. Nikamwomba afunge mlango kwa nguvu. Alisita, ni mtu mpole. Nikamwambia aifikirie siku aliyouziwa misumari yenye kutu. Alibamiza.

Mlango ulikwenda, ukagusa raba, ukarudi. Ulirudi kwa kasi kuliko ulivyokwenda. Zahor alikaa chini kwenye vumbi. Kofia tuliipata mtaroni.

Nikasema kwa haraka kwamba hili ni jaribio tu. Zahor alijipangusa, akatamka neno moja la Kiarabu ambalo sidhani ni dua, akaniambia mlango wa kawaida humkera mtu masikio tu, huu wangu unamfuata mwilini.

Venanti aliona kila kitu kutoka upande wa pili wa barabara. Mpaka adhuhuri parkingi nzima walikuwa wanaigiza. Mmoja anacheza mlango, mwingine anacheza Zahor. Wanacheza vibaya.

Speciosa anatembea pekupeku nyumbani. Anatembea kwa kishindo.


Jumapili, 14 Julai

Nimeipata! Kanisani!

Mlango mkubwa wa kanisa letu hujifunga wenyewe, taratibu, hata mtu auache ghafla. Nimeingia pale miaka yote tangu turudi kutoka Tanzania na sijawahi kuutazama. Leo nimeutazama misa nzima. Padri alipotuambia tupige magoti mimi nilipiga nimeelekea nyuma. Speciosa alinigeuza kwa kunishika sikio. Nikageuka tena.

Juu pale kuna silinda. Ndani ya silinda kuna mafuta. Mlango ukitaka kukimbia, mafuta yanaukataza. Basi! Kila bawaba yangu itakuwa na msaidizi: pompa ya baiskeli, imejazwa mafuta, mdomo umezibwa, pistoni ina tundu la sindano. Mlango ukisukumwa, mafuta yanapita tunduni kwa taabu, na mlango unalazimika kungoja.

Nilikwenda kwa Zahor kuuliza habari za mafuta. Goti lake bado limevimba lakini alinipokea. Alisema nitumie mafuta ya breki, ila kwake yameisha, nisubiri mzigo wa Bujumbura. Nisubiri! Posa ni Jumamosi! Halafu nikajiuliza, kwa nini mtu wa Rumonge atafute mafuta ya wageni? Nyuma ya nyumba yangu kuna madramu ya mawese ya Mabukwe yamejipanga mpaka ukutani. Mekundu, mazito, ya kwetu. Dunia itakapozipenda bawaba zangu italazimika kuyaagiza mawese yetu. Naweza kuliinua zao la nchi nikiwa nimekaa barazani.

Zahor aliuliza kama nina uhakika. Nilimpa mkono, nikatoka.


Jumanne, 16 Julai

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Jana nimenunua pompa za mafundi baiskeli wote wa sokoni. Leo waendesha baiskeli wanaobeba bido wananilaani, tairi zimelala, hawana pa kujazia upepo. Historia itawasamehe. Fundi wa kuchomelea amenifungia pompa kwenye milango yote minne, na buti pia, maana sikutaka buti ijione yatima.

Mlango sasa unajifunga wenyewe pole pole, kwa heshima. Unajifungua hivyo hivyo. Mtu akiuvuta kwa nguvu haumsikilizi, una mwendo wake.

Mchana Mabukwe alishuka sokoni. Nilishika usukani, nikaacha kupumua. Alibamiza. Kimya. Mlango ulikwenda zake, ukafika, ukakaa. Aligeuka. Akaufungua tena, akangoja ufunguke, akabamiza kwa mikono miwili. Kimya. Akasimama pale anautazama mkono wake.

Baadaye alimuuliza Speciosa faraghani kama anaonekana kukonda. Jioni amekula ugali mara mbili na kuagiza supu ya mifupa. Nilitaka kumweleza, lakini habari ya nguvu za mwili wa mabukwe haimhusu mkwe.

Venanti alikuja kuangalia. Alizunguka gari lote, akanusa, akasema linanukia maharage ya mawese. Wivu humfanya mtu anuse vibaya.


Alhamisi, 18 Julai

Esansi imepatikana! Nimelipeleka gari Magara kwa majaribio, na abiria wakalipia majaribio. Huo ndio uongozi.

Jua lilikuwa kali, mawese yanatiririka ndani ya pompa, milango inatembea vizuri. Tatizo ni abiria wenyewe, hawana subira. Tulipofika ufukweni, mitumbwi ya usiku imeshaingiza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wachuuzi wanakimbilia. Mama mmoja aliyekaa nyuma alisukuma mlango, mlango ukaanza safari yake, na yeye akawa anawahesabia wenzake ndoo walizonunua. Mpaka mlango umemalizana naye, ndagala wamekwisha. Alinisemesha kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na nahisi kulikuwa na Kilingala mwishoni. Nilimweleza habari za maendeleo. Wakati wa kurudi alitaka kupitia dirisha la mbele kuingia, na hilo pia ni kutokushirikiana.

Kasoro ndogo: pompa moja inavuja kidogo. Paka watatu wamelala chini ya gari, na wa nne anakuja. Nimeikaza kwa kitambaa.

Speciosa ameuliza swali lisilo na maana. Ameuliza kama nakumbuka mawese yakifika Bugarama wateja wanayachota na nini. Nikasema kijiko, kila mtoto anajua, kule yanaganda, wanayaweka kwanza jikoni. Akanitazama. Nikamwambia mimi siendi kuuza mawese, naenda posani. Akaendelea kunitazama, halafu akaenda kulala. Wanawake huanza maneno wasiyoyamaliza.


Jumamosi, 20 Julai

Naandikia chooni. Ndio mlango pekee wa nyumba hii ambao nimeruhusiwa kuugusa.

Tuliondoka mapema. Mabukwe nyuma, amevaa imvutano nyeupe, shuka la kujitanda la harusi kubwa tu, shanga shingoni. Speciosa mbele, pembeni yangu. Mlango ulijifunga bila sauti, Mabukwe akaguna. Tulisimama Magara amsalimie mteja wake mmoja. Mlango ulimfungukia taratibu, na wanawake wa samaki wakaacha mizani kumtazama anavyoshuka. Mmoja alisema shoferi wa huyu mama kafundishwa. Machozi yalinilenga.

Kisha tukaanza kupanda. Migomba, halafu mikaratusi, halafu ukungu. Speciosa alijifunga kitenge cha pili. Alinitazama tena ule mtazamo wa Alhamisi. Nikadhani anasikia baridi.

Kwa kawaida upande wa mume hauingii mpaka uitwe, tukangoja nje ya ua. Venanti alikuwa kwenye gari la kukodi pamoja na Niyonkuru, bwana harusi mtarajiwa. Mimi niliegesha chini ya mikaratusi, jua lisiharibu rangi. Jua lenyewe halikuwepo. Nikashuka nionekane. Mlango wangu ulijifunga nyuma yangu pole pole kuliko siku zote. Nikaona bawaba zinazidi kukomaa.

Tulingoja sana. Hatimaye tukaitwa. Watu walisimama mistari miwili, na msemaji wa upande wa binti, mzee Ndayisaba, akaja mwenyewe na fimbo yake kumpokea shangazi garini. Heshima gani hiyo! Nikatangulia kufungua.

Nilivuta. Hakuna. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaweka mguu kwenye gari nikavuta. Mkono wa mlango ulitoka, ukabaki kiganjani. Nikautia mfukoni, nikatabasamu.

Mlango wa pili, hakuna. Wa tatu, wa nne, hakuna. Buti, hakuna.

Ndani Mabukwe aliwapungia watu mkono. Watu wakampungia. Akaendelea kupunga. Kisha akaacha. Vioo vya nyuma haviteremki tangu gari linunuliwe, hata sauti yake hatukuisikia, tuliona mdomo tu.

Mzee Ndayisaba alingoja, akakohoa, akawageukia watu wake. "Tumesikia watu wa Rumonge wana raha zao," alisema. "Hatukujua kwamba udongo wetu haustahili viatu vyao."

Minong'ono ikapita kwenye mistari yote miwili. Msemaji wetu, aliyekariri hotuba ya ng'ombe wiki nzima, alisema shangazi anasali. Ndayisaba aliuliza kwa nini anasali huku akipiga kioo kwa kiatu. Niyonkuru alikuwa anatoka jasho katika baridi ile. Kwenye dirisha la nyumba niliona binti mwenyewe, amepambwa, ameanza kulia. Hapo nilishikwa na hofu ya kweli, si ya ufunguo tena. Kijana amelipenda jicho lile miaka miwili, na mimi namharibia kwa pompa.

Mtu mmoja alishauri kioo kivunjwe, mama avutwe nje. Avutwe na nani? Waliokuwa karibu ni mimi na Venanti, na sote ni wakwe zake. Hatuwezi kumgusa. Tulisimama mikono nyuma. Venanti alisema asingekuwa mkwe angeshamtoa. Nikasema hata mimi. Ni mara ya kwanza tumekubaliana jambo.

Nilijaribu kumtuliza mzee Ndayisaba. Nilimweleza kwamba ni mambo ya hidroliki. Akauliza kwa huruma kama ni ugonjwa wa ukoo.

Kioo cha Speciosa, aliyefungiwa mle pamoja na mama yake, hushuka kiasi cha kupitisha vidole. Alipitishia hapo maswali ya mama, na mimi nikajibu nikitazama miguu yangu. Mabukwe anauliza kwenye milango kumewekwa nini. Pompa za baiskeli. Anauliza ndani ya pompa mna nini. Mawese. Anauliza mawese ya nani. Yake.

Speciosa akasema mama anaomba maji ya moto.

Wapishi walileta yale ya wali. Walimwagia pompa za mlango wa nyuma, mvuke ukapanda, watu wakasogea. Na mlango ukaanza. Pole pole. Pole pole sana. Haukushtuka, haukulia, hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Niseme ukweli wangu: sijawahi kuona mlango wa gari ukifunguka vizuri namna ile. Mabukwe akatoa mguu mmoja.

Kizibo cha pompa kikaruka.

Mawese yote, ya moto, mekundu, yakaishia kwenye imvutano nyeupe, kutoka gotini mpaka chini.

Mabukwe alilitazama vazi lake. Akanyoosha mgongo, akasimama mbele ya Ndayisaba.

"Amahoro, mzee. Nisamehe kwa kuchelewa. Sisi wa Rumonge hatuendi kuomba mke mikono mitupu. Wengine huleta mawese kwenye bido. Mimi nimeyavaa."

Kicheko kilianzia kwa wapishi. Kikafika kwa Ndayisaba, akaegemea fimbo asianguke. Alijibu kwamba nyumba inayovaa mafuta haiwezi kumlisha binti yao chakula kikavu, na kwamba shangazi aingie upesi, aketi karibu na moto. Kuanzia hapo posa ilikwenda yenyewe. Msemaji wetu hakufika hata nusu ya hotuba, walishakubali. Binti alitoka akicheka, macho bado mekundu.

Naweka hapa kwa ajili ya vizazi: bawaba zangu ndizo zilizofunga ndoa ile. Hakuna aliyenishukuru.

Wakati wa kurudi, milango mingine na buti navyo vikiwa vimemwagiwa maji ya moto vikafunguka, Mabukwe aliomba ufunguo. Hatupeani vitu mkononi, nikauweka juu ya boneti, nikarudi nyuma. Alimwambia Speciosa achukue, aendeshe yeye. Speciosa! Ni kweli kule Ulyankulu, tulipokuwa wakimbizi, aliendesha trekta la tumbaku, na perimi ya kuendesha anayo, lakini mimi sikuwahi kulihesabu hilo kuwa ni udereva. Karibu na Mabukwe siwezi kukaa, na kiti cha mbele aliwekewa jogoo tuliyepewa. Nimerudi Rumonge ndani ya buti.


Jumapili, 21 Julai

Nimefanya uchunguzi. Kosa limepatikana. Kosa ni la Bugarama.

Bawaba zimefanya kazi bila dosari kutoka ziwani mpaka mlimani. Palipoharibika ni pale hewa ilipoharibika. Hakuna chombo kinachoweza kulaumiwa kwa sababu watu wamejenga juu ya mlima. Nilimweleza Speciosa. Alikuwa anasugua imvutano kwa sabuni na majivu, hakuinua kichwa. Doa limegoma.

Venanti ameamkia hapa, hajaitwa na mtu, na ndoo ya maji. Ameosha gari lote. Amefungua pompa zangu kwa spana moja baada ya nyingine huku akipiga mluzi, na mafundi baiskeli wamekuja kuzichukua wakiimba. Amejaribu kiti cha dereva, akakisogeza mbele. Miguu yake mifupi.

Mabukwe yuko chumbani tangu jana. Ametuma kusema kwamba tukutane sote keshokutwa.


Jumanne, 23 Julai

Kikao kimekwisha.

Tulikaa sebuleni kwake. Venanti alivaa tai. Mimi nilikaa karibu na mlango. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, kwenye kisahani.

Mabukwe alianza kwa kuuliza kitu ambacho sikukitarajia. Alimuuliza Speciosa, ili Speciosa aniulize mimi, kwa nini niliyafanya yote yale. Nikajikaza, nikasema kupitia kwa Speciosa kwamba nilikuwa naihurumia milango. Kwamba inabamizwa.

Alifikiri. Kisha akavunja desturi, akanigeukia mimi mwenyewe.

"Mwanangu, ungeniambia tu nifunge polepole. Ningefunga."

Mabukwe hajibiwi. Speciosa alitazama dirishani, mabega yanamtikisika, na sijui kama alikuwa anacheka.

Hukumu ikafuata. Venanti akasimama kabisa na kunyoosha tai. Ufunguo ukapewa Speciosa. Yeye ataendesha, mapato yatapita mikononi mwake, na watoto watarudi shule Septemba. Venanti alirudishiwa shukrani kwa kuosha gari. Mimi nimepewa kazi ya kufungua na kufunga milango kwa abiria. Kwa mkono. Taratibu.

Nimeitazama kazi hii kwa makini na naona ni cheo. Kwa lugha ya kitaalamu, bawaba tulivu sasa ni mimi.

Leo mchana tumeanza. Mabukwe alishuka sokoni, nikakimbilia mlango, na kabla sijaushika alikuwa ameshaufunga mwenyewe, kwa vidole viwili, sikusikia hata kidogo. Akanitikisia kichwa, akaenda zake. Abiria wengine wote niliwafungia vizuri. Watoto wetu walipita wakitoka kuchota maji, wakanipungia, nikawapungia.

Tatizo ni moja tu, na ni kubwa. Speciosa anakanyaga breki kwa ghafla. Ni mguu wa trekta. Leo paji la uso limegonga dashibodi mara tatu, na abiria mmoja alimeza karanga bila kutafuna. Angekanyaga polepole, mambo yangekuwa mazuri kabisa. Lakini utamwambiaje mtu ambaye sasa ni bosi wako? Nimejaribu kukohoa.

Nimeanza kuchora pedali itakayopokea mguu taratibu. Ndani nitatia asali.